Nani Alitenda Dhambi? Somo Kutoka kwa Damu ya Mtoto

Andiko la kusoma: Yohana 9:1-3

Nianze kwa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye kesha, mama mmoja aliniletea mtoto aliyekuwa akilia bila kunyamaza, vidole vimefura. Nikamwekea mikono, halafu nikamuuliza mama ukoo wao una laana gani. Ni swali lilelile la wanafunzi kuhusu yule kipofu, na jibu la Yesu, aliyekataa kuwalaumu kipofu au wazazi wake, nilikuwa nimelihubiri mara nyingi! Mama akaenda nyumbani, akaacha kumpa mtoto dawa, akingoja laana ivunjike. Wiki mbili baadaye niliwakuta wodini, mtoto akiongezwa damu. Ugonjwa wenyewe ni selimundu.

Muuguzi ndiye alinifundisha; mengine nimejisomea. Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna protini iitwayo himoglobini, inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Ni minyororo minne iliyoshikana: miwili ya alfa, miwili ya beta. Maagizo ya kutengeneza beta yako kwenye jeni iitwayo HBB, katika kromosomu ya 11. Ya alfa yako katika kromosomu ya 16. Mnyororo wa beta una asidi amino 146, zimepangwa kama shanga. Kwa mtoto huyu shanga ya sita imebadilika, basi. Moja tu! Lakini hiyo mpya, iitwayo valini, haipendani na maji. Himoglobini ikishaachilia oksijeni, valini hujishikiza kwa himoglobini jirani, jirani naye kwa mwingine, mpaka zinakuwa kamba ndefu ngumu. Chembe inapinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo kilio cha usiku.

Sasa laana iko wapi? Mtoto hupokea HBB moja kwa baba, moja kwa mama. Mwenye moja tu iliyobadilika kwa kawaida haugui, tena malaria kali haimwezi kwa urahisi. Dkt. Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, aliandika juu ya jambo hilo mwaka wa 1954. Ndiyo sababu jeni hii imeenea kanda ya Ziwa na Pwani, kwenye malaria nyingi. Iliwalinda babu zetu. Mimi siiti hiyo laana tena. Ila wakioana wawili wenye moja moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Ni kila mimba, si kwamba wa kwanza akiugua basi watatu wanaofuata wamepona.

Dawa iitwayo haidroksiyurea huamsha himoglobini ile ya tumboni mwa mama, nayo ikijichanganya humo, kamba hazijengeki vizuri. Kwa hivyo dawa inamezwa kila siku, na maombi yanaendelea. Mama yule nilimwomba msamaha mbele ya ushirika wa nyumbani. Mtoto sasa ako gredi ya tatu.

Vijana mnaochumbiana, pimeni damu kabla ya kupeleka posa. Nanyi wazee wa maombi: mtoto mwenye selimundu akishikwa na homa, kifua kikimbana, au mkono ukilegea, msingoje kesha iishe. Ni hospitali usiku huohuo. Tutaombea ndani ya gari.