Bandari na Mto: Ujenzi wa Liverpool katika Karne ya 18

Utangulizi

Bandari huchukuliwa mara nyingi kuwa zawadi ya maumbile: penye kina na kinga ya upepo, meli hutia nanga na mji hukua. Historia ya Liverpool, mji ulio kwenye mlango wa mto Mersey kaskazini-magharibi mwa Uingereza, yaonyesha vinginevyo. Makala haya yanajadili kazi mbili zilizoufanya mji huo kuwa bandari kuu: kuyafunga maji ya pwani na kuifungua mito ya bara. Aidha, yanauliza shehena iliyopitia humo ilikuwa ya namna gani.

Tatizo la Kujaa na Kupwa

Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika Mersey hukaribia mita 10. Mkondo ni mkali na mafungu ya mchanga ni mengi. Mwanzoni mwa karne ya 18, meli iliyotia nanga mtoni ilipakuliwa kwa mashua, na iliyosogea ufukoni ilipwelewa. Neno hilo "kupwelewa" laeleza hasara kwa ufupi: maji hukikimbia chombo, kikalala topeni, na kikiwa na shehena nzito huweza kuvunjika mataruma, yaani mbavu zake.

Bwawa la Steers

Baraza la mji lilimwajiri mhandisi Thomas Steers, na ujenzi ukaanza mwaka wa 1710. Badala ya kujenga gati tu kando ya mto, Steers alilitumia hori lililoitwa Pool. Alijenga humo bwawa lenye kuta za matofali, na upande wa mto akaweka malango. Maji yalipojaa, malango yalifunguliwa na meli zikaingia. Kabla hayajapwa, yalifungwa. Hivyo meli zilielea ndani hata nje kulipokuwa kukavu, zikapakuliwa moja kwa moja gatini. Bwawa hilo, lililofunguliwa mwaka wa 1715, hutambuliwa kuwa la kwanza duniani la aina hiyo kujengwa kwa ajili ya biashara. Halikutosha kwa muda mrefu. Mengine yalifuata katika miaka ya 1753, 1771, 1788 na 1796.

Njia za Bara

Gati lisilo na njia ya bara ni mlango usio na nyumba. Mwaka wa 1721 Bunge liliidhinisha kazi katika njia mbili za mito. Mto Weaver ulikamilika mwaka wa 1732, ukaleta chumvi ya Cheshire. Mito Mersey na Irwell iliunganishwa kuwa njia moja hadi Manchester katikati ya miaka ya 1730. Mbinu zilikuwa tatu: kukata mifereji mifupi ili kuepuka mapindi ya mto, kujenga mabwawa madogo ya kuinua kina, na kuweka vyumba vya maji vyenye malango pande mbili ili tishari lipande au lishuke kama ngazini. Mfereji wa Sankey, uliofunguliwa mwaka wa 1757, uliongeza makaa ya mawe ya St Helens.

Shehena na Utu

Hapa ndipo sifa za uhandisi zinapopaswa kupimwa. Nguo zilizoshuka kutoka Manchester zilipakiwa Liverpool na kupelekwa Afrika Magharibi, zikabadilishwa kwa watu. Watu hao walivushwa Atlantiki kwa nguvu, na meli zikarudi na sukari na mazao mengine ya mashamba ya watumwa. Kufikia mwisho wa karne, Liverpool iliongoza miji yote ya Uingereza katika biashara hiyo, hadi sheria ilipoipiga marufuku mwaka wa 1807. Wengi wa waliouzwa hawakuliona kamwe bwawa la Steers. Kilichopita humo ni nguo zilizowanunua na sukari waliyoilima.

Hitimisho

Bwawa la kwanza lilifungwa mwaka wa 1826 na kufukiwa. Mwaka wa 2001 wachimbaji wa mambo ya kale walizikuta kuta zake chini ya mji. Kuta hizo zashuhudia mambo mawili kwa pamoja: kwamba kina cha bandari huweza kutengenezwa kwa akili na kazi, na kwamba ubora wa gati hautoshi kuihukumu bandari. Mwanafunzi wa historia ya biashara hana budi kuuliza pia kilichopakiwa, na kwa gharama ya nani.