Mtumishi na Mtumwa

Katika Injili ya Marko, mlango wa 10, Yakobo na Yohana wanamwendea Yesu kumwomba viti vya heshima, mmoja kuume na mmoja kushoto. Wenzao kumi wakisikia wanakasirika. Nadhani si kwa kuwa ombi lilikuwa baya, bali kwa kuwa wametanguliwa. Yesu anawaambia kwamba wakubwa wa mataifa huwatawala watu kwa mabavu, ila kwao haitakuwa hivyo. Mwenye kutaka ukubwa atakuwa mtumishi, na mwenye kutaka kuwa wa kwanza atakuwa mtumwa wa wote.

Wengi huyasoma maneno haya mawili kama kwamba ni moja. Kweli, yote yametoka katika kutuma. Lakini mtumishi hupokea mshahara na jioni hurudi kwake. Mtumwa hana kwake. Hata katika Kiyunani, lugha iliyoandikiwa Injili, ni maneno mbalimbali: diakonos na doulos. Sisi wa Ng'ambo hatuhitaji kamusi kwa jambo hili. Ukipita Darajani, pasipo na daraja tena, ukaingia Mkunazini, utaona Kanisa Kuu lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Watumwa na walioachwa huru walikuwa wengi katika Ng'ambo ya zamani, na sheria ya kuwawezesha kudai uhuru wao ilitoka mwaka 1897 tu. Kwa watu wale neno mtumwa halikuwa pambo la mahubiri.

Yohana, mlango wa 13, anaonyesha jambo lenyewe. Yesu anaondoka chakulani, anajifunga kitambaa, anawaosha wanafunzi wake miguu. Wasomaji, nyote mmehudhuria shughuli ambapo kijana mdogo wa nyumba hupita na birika na beseni akiwanawisha wageni. Sasa fikirini birika hilo limeshikwa na mzee mwenye nyumba, naye anainamia miguu, si mikono. Petro alikataa, wala mimi simshangai.

Hapa yafaa tuangalie amri hii yaambiwa nani. Yaambiwa atakaye kuwa wa kwanza. Haikutolewa kwa aliye chini ili azidi kuinama. Kiranja wa dahalia akimtuma mtoto wa Kidato cha Kwanza amtekee maji ya kuoga, kisha aseme ati anamfundisha unyenyekevu, ameisoma sura kichwa chini miguu juu. Ndoo ile ni yake kuibeba.

Tunao mfano wa karibu. Frank Weston alifika Unguja mwaka 1898, akafundisha Kiungani, na mwaka 1908 akawa Askofu wa Zanzibar. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki, jeshi la Waingereza lilitaka wachukuzi wa kubeba vyakula na risasi, kwa kuwa mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Mwaka 1916 Askofu alikusanya wachukuzi hapa Unguja, akawa mkuu wao kwa cheo cha meja, akaenda nao Bara kwa miguu. Angeweza kubaki Mkunazini akiwaombea, wala hapana ambaye angemlaumu.

Lakini mimi naona jambo kubwa zaidi alilifanya baada ya vita. Mwaka 1920 aliandika kijitabu kuilaumu serikali ya nchi yake mwenyewe kwa kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi. Mtu aliyejifanya mtumishi kwa hiari yake alijua kwamba kumlazimisha mwingine ni jambo jingine kabisa. Alifariki mwaka 1924 huko Magila, karibu na Muheza.

Wachukuzi wa vita ile walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutokana na kikosi chao. Jina la Askofu na cheo chake vimeandikwa vitabuni. Wengi wa waliobeba mizigo hata majina yao hayakuandikwa.