Bei Uliyolipa na Bei Uliyosema



Katika somo letu la leo tungependa kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa macho linaonekana dogo, lakini ambalo limeleta baridi katika nyumba nyingi. Jambo hilo ni ununuzi wa ghafla. Tunasema juu ya vitu tunavyonunua, si kwa sababu tulivihitaji tulipoamka asubuhi, bali kwa sababu rafiki ametuambia kwamba bei imeshuka.

Zamani mtu alihitaji kwenda sokoni ili ashawishike. Aliyetaka nguo za mitumba alipanda matatu mpaka Gikomba au Toi pale Nairobi, Kongowea pale Mombasa, au Kibuye pale Kisumu. Nauli yenyewe ilimfanya afikiri mara mbili. Leo soko limeingia mpaka chumbani. Majirani wa mtaa mmoja, wafanyakazi wa mahali pamoja, au watu waliosoma shule moja, wana kikundi chao katika simu. Asubuhi mmoja wao anafungua robota la mitumba na kutuma picha, na kabla ya saa nne vitu vyote vizuri vimekwisha kuchukuliwa. Tena, tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, kulipa kumekuwa kazi ya kidole tu. Mkono haufungui kibeti, na jicho halioni noti zikipungua.

Hatusemi kwamba vikundi hivi ni vibaya. La hasha! Akina mama wengi wamewavika watoto wao vizuri kwa pesa kidogo kwa sababu ya vikundi hivyo, na wengine ni wachuuzi wanaolipa karo kwa biashara hiyo hiyo. Swali letu ni lingine. Kitu ulichonunua kinaingiaje nyumbani? Kinapita mlango wa mbele, au kinapita mlango wa nyuma?

Mfano wa nyumba moja

Tuchukue mfano wa mume na mke ambao wameoana kwa miaka kumi na mmoja. Mume ni fundi wa umeme, na mke anauza katika duka la dawa. Wana watoto watatu, na kila mwezi wanaweka kando pesa kidogo kwa ajili ya karo ya Januari. Pesa hizo ziko katika simu ya mke, kwa sababu wote wawili walikubaliana kwamba yeye ndiye mwangalifu zaidi.

Mwezi wa Novemba, wakati ambapo maduka mengi hutangaza ofa, rafiki mmoja alituma kikundini picha ya seti ya sufuria. Akaandika kwamba dukani seti hiyo ni Sh. 6,500, lakini kwake ni Sh. 3,600, na kwamba zimebaki seti mbili tu. Wenzake wakaanza kuzisifu. Mke huyu hakuwa na haja ya sufuria. Lakini aliona kwamba akichelewa mwingine atazichukua, na kwamba wote watajua yeye ndiye aliyeshindwa. Akatuma pesa kutoka katika zile za karo, akijiambia kwamba atazirudisha mwisho wa mwezi.

Sufuria zilipoletwa, alizificha chini ya kitanda kwa muda wa wiki mbili. Kisha akazitoa. Mume akauliza, “Mama, sufuria hizi umezipata wapi?”

“Kwa rafiki yangu mmoja, Baba. Ni bei ya kutupa. Sh. 1,500 tu.”

Mume alifurahi sana. Alifurahi kiasi kwamba Jumapili iliyofuata, walipokwenda kumwamkia mama yake, alimsifu mkewe mbele ya watu wote kwa kujua kutafuta bei. Kisha akatoa Sh. 1,500 mfukoni akamwambia mkewe, “Mwambie rafiki yako ampatie na mama seti moja.” Mke angesema nini? Alipokea pesa, akaongeza Sh. 2,100 kutoka katika karo, akanunua. Haikupita wiki, shemeji yake naye akaleta Sh. 1,500 zake. Mke akaongeza tena Sh. 2,100.

Hebu tupige hesabu. Seti yake mwenyewe ni Sh. 3,600. Nyongeza ya mama mkwe ni Sh. 2,100, na ya shemeji Sh. 2,100. Jumla ni Sh. 7,800. Januari ilipofika, hizo ndizo zilizopungua katika karo, na mtoto wa kwanza akarudishwa nyumbani na barua.

Mume alipojua, hakupiga kelele juu ya sufuria. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, “Sufuria si neno. Lakini bei ile nilimwambia mama yangu kwa kinywa changu.”

Si akina mama peke yao

Mabwana wasomao mstari huu wasianze kutikisa kichwa. Mke yule alikuwa na swali lake pia: “Na ile simu yako, Baba, ambayo ulisema ulipewa kwa bei nzuri?”

Simu ile mume aliichukua kwa mpango wa lipa pole pole, baada ya wenzake wa kazi kuchukua. Alianza na Sh. 2,500, kisha akawa analipa Sh. 65 kila siku kwa siku 365. Sh. 65 kwa siku ni kitu gani? Ni chai na andazi. Lakini Sh. 65 mara 365 ni Sh. 23,725, na ukiongeza Sh. 2,500 za kwanza unapata Sh. 26,225. Kwa pesa taslimu simu hiyo ingekuwa Sh. 16,000. Kwa hiyo “bei nzuri” iligharimu nyumba Sh. 10,225 zaidi. Isitoshe, simu za mpango huo hujifunga mtu asipolipa, ndiyo maana bwana huyu alikuwa akitoka nje kila asubuhi kabla ya chai na kubonyeza simu yake kwa siri.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba na haba pia hukimaliza kibaba. Mke anaficha nguo na vyombo. Mume anaficha simu, vipuri vya gari, au malipo ya kwanza ya ploti aliyoambiwa na rafiki kwamba bei yake itapanda Jumatatu. Vitu ni tofauti, lakini ugonjwa ni mmoja.

Bei nafuu inavyotushika

Yafaa tujue jinsi tunavyoshikwa, ili tusilaumiane bure.

Kwanza, tunaonyeshwa bei mbili. Bei ya juu imekatwa kwa mstari, na bei ya chini imeandikwa kwa rangi. Tunasema, “Nimeokoa Sh. 2,900.” Kwa kweli hatukuokoa kitu. Tumetumia Sh. 3,600 ambazo jana tulikuwa nazo.

Pili, tunaambiwa kwamba muda unakwisha au vitu vimebaki vichache. Mtu mwenye haraka haulizi maswali, wala hamwulizi mwenzake.

Tatu, tuko mbele ya macho ya marafiki. Wenzetu wakinunua nasi tusiponunua, twajiona kama tumeachwa nyuma. Mara nyingi kile tunachonunua si sufuria, bali ni sifa ya kuwa mmoja wa wale wanaojua kununua.

Nne, muuzaji husema kwamba ukiongeza kitu kingine utaletewa bure. Basi tunanunua cha Sh. 800 ili tusilipe Sh. 200 za kuletewa.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Kitu cha zamani kinachofanya kazi ni mali. Ofa inayopita itarudi tena, maana ofa haziishi.

Kwa nini tunafichana?

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Hasara ya Sh. 7,800 ni chungu, lakini inaweza kurudishwa kwa miezi michache. Imani ya mtu aliyejua kwamba anachoambiwa nyumbani ni kweli hairudi upesi hivyo.

Wengi hufichana kwa sababu ya hofu. Ni lazima tuseme wazi: mume anayehoji kila shilingi ya mkewe anamfundisha kuficha. Mke anayemcheka mumewe mbele ya watoto kwa sababu alinunua kitu kibovu anamfundisha kunyamaza. Bei ya uongo huzaliwa mahali ambapo bei ya kweli inaadhibiwa. Kwa hiyo yule aliyeficha ana kosa lake, na yule aliyefichwa yafaa ajiulize kama amekuwa mtu wa kuambiwa.

Maandiko Matakatifu hayamlaumu mwanamke anayejua kununua. Katika sura ya 31 ya Kitabu cha Mithali tunamwona mke hodari ambaye huliangalia shamba kwanza na kulipima, ndipo alinunue. Na sura hiyo hiyo yatuambia kwamba moyo wa mumewe unamtumaini. Mambo hayo mawili yako pamoja, kununua na kutumainiwa. Naye hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba kununua si jambo la soko tu, bali ni tendo la maadili pia. Tunachonunua, na namna tunavyokinunua, hugusa watu wengine. Wa kwanza kuguswa ni wale tunaolala nao chini ya paa moja.

Hatua za kufuata

1. Kila mmoja awe na pesa zake ndogo. Kubalianeni juu ya kiasi, kwa mfano Sh. 500 au Sh. 1,000 kwa mwezi kulingana na uwezo wenu, ambacho mume na mke kila mmoja atatumia bila kuulizwa. Asiyekuwa na uhuru hata wa shilingi mia huutafuta kwa siri.

2. Wekeni mpaka wa kuulizana. Kitu chochote kinachozidi kiasi fulani, tuseme Sh. 2,000, kisinunuliwe kabla ya kuongea. Simu ile ile inayotuma pesa yaweza pia kumpigia mwenzako.

3. Kilalie kitu usiku mmoja. Kama kesho asubuhi bado unakihitaji, na kama bado kipo, mzungumzie. Kama kimekwisha, pesa zako ziko salama.

4. Itengeni karo. Pesa za karo zisikae pamoja na pesa za matumizi katika simu. Zipelekeni katika akaunti ya SACCO au benki ambayo haichukuliki kwa haraka.

5. Kaeni pamoja mara moja kwa mwezi. Chagueni jioni moja, watoto wakisha lala, mfungue taarifa za matumizi katika simu zenu zote mbili. Sheria iwe hii: yeyote anayekiri mwenyewe asifokewe usiku huo.

6. Semeni bei halisi. Hata kama ni ghali, hata kama umepunjwa. Aliyepunjwa akasema ukweli anasaidiwa. Aliyepunjwa akaficha anapunjwa mara ya pili.

Kama tayari una siri

Huenda msomaji mmoja sasa hivi ana kitu chini ya kitanda. Usingoje kigunduliwe. Chagua saa tulivu, si wakati mwenzako amerudi kazini akiwa na njaa. Anza na kiasi, usianze na sababu. Sema, “Nilitumia Sh. 3,600, nikakuambia ni Sh. 1,500.” Kisha nyamaza umsikilize. Sababu zitapata nafasi yake baadaye. Nawe unayeambiwa, hata ukikasirika, kumbuka kwamba mwenzako angeweza kuendelea kunyamaza.

Wale wanandoa wa mfano wetu walikaa Jumamosi moja jioni wakaandika kila kitu kwenye daftari la mtoto: sufuria, nyongeza, simu na siku zilizobaki kulipwa. Walikwenda shuleni pamoja wakaomba kulipa karo iliyobaki kwa awamu mbili. Jambo gumu zaidi lilikuwa la mwisho. Walikwenda kwa mama mkwe, na mke mwenyewe akamwambia bei ya kweli.

Mama yule aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Mngeniambia, wanangu, ningebaki na sufuria yangu ya zamani.”

Maswali ya kuzungumzia nyumbani au katika Jumuiya

1. Ni kitu gani tulichonunua mwaka huu ambacho hatujakitumia hata mara tatu?

2. Je, mwenzangu anaogopa kuniambia bei ya kweli? Nimefanya nini mpaka aogope?

3. Ni marafiki gani wanaotusaidia kununua kwa busara, na ni wapi tunaponunua ili tuonekane?

4. Kiasi gani kitakuwa mpaka wetu wa kuulizana kuanzia mwezi huu?