Mfuko wa Sokoni: Kuuchagua na Kuutunza

Ndugu msomaji ukaaye Kibera au Kawangware, wajua kwamba tangu tarehe 28 Agosti 2017 ni marufuku hapa Kenya kutengeneza, kuingiza nchini au kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Avunjaye sheria hiyo aweza kutozwa faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kufungwa.

Sababu ni hii: plastiki haiozi. Mfuko ukitupwa huziba mtaro, na mvua ikinyesha maji machafu huingia nyumbani. Mbuzi au ng'ombe azururaye jaani huumeza pamoja na mabaki ya chakula. Tumbo lake haliwezi kuusaga. Mifuko hujikusanya humo, mnyama huonekana ameshiba kumbe anakonda, na mwisho hufa. Hiyo ni hasara ya mfugaji.

Basi yafaa kuwa na mfuko wa kudumu. Lakini jihadhari! Mifuko mingi laini ya rangi yaonekana kama kitambaa, kumbe nayo ni plastiki. Ukiitupa baada ya safari tatu, hujaponya kitu.

Kuchagua:

1. Vuta mishikio kwa nguvu, na utazame kama mshono umerudiwa.

2. Kwa viazi na mahindi, chukua kiondo cha mkonge, au mwambie fundi akushonee mfuko wa gunia.

3. Kwa vitu vyepesi, mfuko wa kitambaa cha pamba watosha.

Kutunza:

1. Nyama na samaki wawe na mfuko wao. Damu ikigusa mboga au matunda yaliwayo mabichi huleta maradhi ya tumbo.

2. Mfuko wa pamba ufue kwa maji ya moto na sabuni, kisha uuanike juani.

3. Kiondo usikiloweke. Kikung'ute, ukipanguse, ukianike penye upepo kisishike ukungu.

4. Mshono ukifumuka, ushone siku hiyo hiyo.

5. Utundike mfuko karibu na mlango, usiusahau uendapo sokoni.

Gunia likichakaa usilitupe. Lijaze udongo na samadi, toboa matundu ubavuni, upande sukuma wiki, kama wafanyavyo watu wengi wa Kibera.

Sasa jiulize: mfuko ulio nao nyumbani umeutumia mara ngapi?