Je, ni Mwangwi? Istilahi ya Sauti ya Ulimwengu Mchanga

Mnururisho uliosalia tangu mwanzo wa ulimwengu huweza kuitwa “mwangwi”. Makala haya yanaipinga istilahi hiyo. Ulimwengu mchanga ulijaa gesi ya moto: uvutano uliibana, msukumo wa mwanga ukaitanua, mawimbi ya sauti yakazuka. Baada ya miaka 380,000 hivi gesi ilipoa, atomu zikaundika, mwanga ukapata njia. Mawimbi hayo yaliacha alama: madoa yanayotofautiana joto kwa takriban sehemu 1 katika 100,000. Mwaka 2000, matokeo ya BOOMERanG, darubini iliyobebwa na puto juu ya Antaktika, yalionyesha kuwa madoa makuu yana upana wa digrii 1 hivi, ishara kwamba ulimwengu kwa ujumla haukupinda. Mwangwi hugonga ukuta ukarudi. Mwanga huu haukurudi popote. Mwanafunzi aambiwaye “mwangwi” atautafuta ukuta usiokuwepo. Tuseme “alama za sauti”.