SOMO LA MWEZI: MGONJWA ASIYE NA MAHALI PA KUWEKA DAWA

Yako magonjwa ya virusi yasiyokuja na kuondoka kama mafua, bali hukaa mwilini miaka mingi. Mawili yajulikanayo sana ni VVU na homa ya ini aina ya C. Katika somo hili tuwatazame wagonjwa wa namna hiyo ambao pia hawana makao. Mfano wetu tumeutwaa Chicago, Marekani, kwa kuwa huko jambo hili lilipimwa kwa uangalifu.

Kwanza tuulize, hali njema ya mgonjwa hupimwaje? Daktari hupima damu. Lakini katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilitunga maswali 26 ambayo mtu huyajibu mwenyewe: habari za mwili wake, za moyo wake, za watu wake, na za mahali anapokaa. Swali mojawapo huuliza kama anaridhika na usingizi wake. Mtu alalaye nje katika baridi ya Chicago atajibu nini? Jicho moja hulala, la pili hulinda mfuko.

Na ndani ya mfuko huo ndimo zilimo dawa. Dawa za VVU zilizo nyingi ni vidonge vya kumezwa kila siku bila kuruka. Mfuko ukiibiwa, au ukizolewa pamoja na takataka, dawa zimekwenda. Walalao katika bweni la watu wengi huogopa kumeza mbele ya wenzao, wasije wakajulikana. Tumbo likichafuka kwa sababu ya dawa, choo kiko wapi usiku? Barua ya kliniki nayo itapelekwa anwani gani? Watu wepesi wa kulaumu husema, "Huyu hajali afya yake." Wangejaribu wenyewe juma moja tu!

Basi huko Chicago, wagonjwa 105 wenye VVU wasio na makao, waliokuwa wamelazwa hospitali, waligawanywa kwa bahati, kama kwa kura, katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa makao ya kudumu pamoja na mtu wa kuwafuatilia; la pili likaendelea na msaada wa kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Baada ya mwaka mmoja, katika kila 100 waliopewa makao, 55 walikuwa hai na kinga ya mwili yao ikiwa imara. Kwa wale wengine walikuwa 34. Ambao virusi havikuonekana tena katika damu yao walikuwa 36 kwa 100, na katika kundi la pili 19.

Tusizitie chumvi hesabu hizi. Hata waliopata nyumba, wengi bado virusi vilionekana. Ulevi, huzuni na mazoea ya miaka havibaki nje mlango unapofungwa. Lakini tofauti ile haikuletwa na dawa mpya; ililetwa na ufunguo, na mtu wa kubisha hodi.

Homa ya ini aina ya C ina habari ya furaha zaidi. Zamani ilitibiwa kwa sindano kwa muda wa hadi wiki 48. Sindano zenyewe zilitakiwa kukaa katika friji, na zilileta homa na huzuni nzito. Nani awe na friji chini ya daraja? Tangu mwaka 2013 vimekuja vidonge vipya, na leo wiki 8 au 12 huponya karibu wagonjwa wote wanaovimaliza. Hata hivyo aliyepona aweza kuambukizwa tena, hasa akirudia kutumia sindano moja na wenzake.

Maswali ya kuzungumza nyumbani: Katika mtaa wetu, ni nani alalaye nje, na je, twajua jina lake? Kama angepewa leo vidonge vya mwezi mzima, angeviweka wapi?