Imani si Mkeka wa Kubeti

Mwalimu, nasomea ualimu, na tangu tuanze somo la falsafa mambo ya dini yananitia shaka. Mama ni mzee wa kanisa, na kanisa limeniomba nifundishe Shule ya Jumapili. Rafiki yangu aliyemsoma mwanafalsafa Pascal ananiambia niamini tu: Mungu akiwepo nitafaidi, asipokuwepo sipotezi kitu. Nimsikilize?
Mwenye Shaka, Saboti

Mwanangu, rafiki yako amekusomea ukurasa mmoja akakifunga kitabu. Blaise Pascal alifariki mwaka 1662 akiwa na miaka 39, akaacha vipande vya kitabu cha kuutetea Ukristo ambacho hakukimaliza. Vilichapishwa 1670 kwa jina la Pensées. Lile dau analokuambia rafiki yako ni sehemu ndogo tu, limeandikwa kwa ajili ya mtu aliyezoea kamari, na halidai kuthibitisha kwamba Mungu yupo.

Pascal hakuwa adui wa akili. Mwaka 1648 alimtuma shemeji yake apande mlima Puy de Dôme na mrija wa zebaki. Kileleni zebaki ilishuka, ikaonekana kwamba uzito wa hewa hupungua kadiri unavyopanda. Kilele hicho kina mita 1,465 hivi. Kitale, hapo karibu na kwenu Saboti, iko karibu mita 1,900, kwa hiyo watu wa huko mnalala juu kuliko alikofika shemeji yule! Ndiyo maana maji yenu huchemka kabla ya nyuzi 100, na githeri hukawia kuiva. Hayo hupimika. Mengine hayapimiki, na Pascal alikemea makosa mawili: kuifukuza akili, na kukataa kila kitu kisichotoka kwa akili.

Dau lenyewe lina tundu, maana linachukulia kwamba mezani pana dini moja tu. Waulize wazee wa Kimilili. Elijah Masinde alitoka katika kanisa la Friends, akaongoza Dini ya Msambwa, akimrudia Wele, Mungu wa mababu. Wakoloni walimfungia hospitali ya Mathari mwaka 1945, na baadaye wakampeleka Lamu. Hayo hayavumiliwi kwa hesabu ya faida na hasara. Pascal naye aliandika alivyokutana na Mungu usiku wa Novemba 23, 1654, akaishona karatasi ile ndani ya koti lake. Ilionekana baada ya kufa kwake.

Basi usibeti, wala usijifanye. Kaa na mama, umwambie una maswali na hujamkana Mungu. Omba Shule ya Jumapili apewe mwingine kwa sasa, kwa sababu watoto humtambua upesi mwalimu asiyesadiki anachofundisha. Ibadani endelea kwenda, mradi usitamke usiloliamini; Pascal alisema mazoea humvuta mtu kuelekea imani, na hapo nakubaliana naye kabisa. Kisha mwite huyo rafiki yako, mkisome kitabu chote, mkianza na vipande vya ukuu na unyonge wa mwanadamu. Dau liacheni hadi mtakapolifikia.